Pua Namba Tatu

Saa kumi na moja alfajiri, Chimbote.
Ukungu umelala bandarini kama shuka lisilokauka,
na mwari wamejipanga juu ya paa la kiwanda
kama makarani wanaongoja mshahara wa mwezi uliopita.

Mimi ni pua.
Ndivyo nilivyoandikwa katika jedwali la utafiti:
Pua Namba Tatu, Eudosia Panta, miaka thelathini na minne.
Kazi: kumnusa dagaa na kumpa alama.
Sifuri, ikiwa bahari bado imo ndani yake.
Tatu, ikiwa ameanza kukana alikotoka.

Nilizaliwa nyuma ya viwanda vya unga,
na tulipoziba pua, baba alitukemea:
hiyo si harufu, hiyo ni pesa.
Pesa zilipita juu ya bati letu kila usiku.
Hazikubisha hodi hata mara moja.

Tani kwa tani dagaa huchemshwa, hukamuliwa, husagwa,
huwekwa kwenye magunia na kwenda ng'ambo
kulisha samaki wa watu, nguruwe wa watu.
Daktari Querevalú anataka jambo dogo tu:
dagaa huyu afike kwenye sahani, hapa hapa, akiwa mzima.

"Shida ni tumbo," husema, akimwinua mmoja kwa koleo.
Mwache kwenye joto, haichukui muda,
vimeng'enya vyake vinaanza kumla yeye mwenyewe
mpaka tumbo linapasuka.
Kikulacho ki nguoni mwako;
cha dagaa hakina nguo, ki tumboni.
Basi tukajaribu barafu laini ya maji ya bahari,
barafu kavu, chumvi asilimia hii, chumvi asilimia ile,
na mimi nikinusa, nikinusa, nikinusa.

Agosti homa ikanilaza siku tisa.
Niliporudi, dagaa hakuwa na harufu.
Kahawa haikuwa nayo.
Nilizamisha uso katika nywele za mwanangu Yampier
nikakuta nywele tu.

Sikusema. Nani ataajiri pua iliyokufa?
Nikaiba alama kwa njia nyingine:
jicho, limevimba au limebonyea;
matamvua, mekundu au yameingia kahawia;
kidole mgongoni, nyama inarudi
au shimo linabaki kama nyayo kwenye matope.
Niliinama juu ya kila trei, nikavuta pumzi kwa sauti,
nikaandika.
Wiki tatu nililingana na Pua Namba Moja
na Pua Namba Mbili, karibu kila safu.
Hicho ndicho kilichoninyima usingizi.
Ningekosea, ningejitetea.

Nilimwambia Ijumaa, kando ya mashine ya barafu,
nikipiga kelele ili nisikike.
Daktari hakunipa pole.
Alifungua daftari, akapiga mstari kwa rula
juu ya siku kumi na tano za kazi yangu,
akaandika pembeni: zifutwe.
Kisha, bila kuinua kichwa:
"Jumatatu njoo na hivyo vidole.
Hatuna mtu wa vidole."

Novemba tulipeleka makopo shuleni kwa Yampier,
dagaa wa barafu laini, mafuta kidogo, pilipili ya manjano.
Watoto arobaini, vijiko arobaini, karatasi zenye nyuso
za kucheka na za kununa.
Mwanangu alinusa kwanza, kama mtu wa ukoo wake.

"Inanuka nini?" nikauliza,
na swali halikuwa la utafiti.

Alifikiri sana.
"Betri," akasema.
Akala. Akasukuma kopo mbele, aongezewe.

Nikatafuta kwenye jedwali, juu hadi chini:
mwani, chuma, siki, maziwa yaliyochacha.
Betri haikuwamo.
Nikachora safu mpya kwa mkono,
mstari ukapinda.